Hali ya Picha: Kutumia Picha Nyeusi na Nyeupe katika Somo la Kiswahili

Utangulizi

Mwanachuo anapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza, mara nyingi huwapa wanafunzi wa darasa la tano insha yenye kichwa "Mji Wetu". Akisha kuyakusanya madaftari, huona kwamba insha zote zimefanana. Hapa Bagamoyo insha hizo huanza kwa kusema kwamba Bagamoyo ni mji wa kihistoria. Kisha hutaja Misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897 na magofu ya Kaole. Na hapo huishia.

Mambo hayo yote ni kweli. Lakini mtoto aliyeyaandika amepita ufukweni asubuhi ile ile akienda shuleni. Amewaona wavuvi wakikunja nyavu. Amemwona mama mmoja ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiitazama bahari. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililoingia katika insha yake. Si kwamba hakuona. Ni kwamba hajapata kufundishwa kuwa aliyoyaona yanastahili kuandikwa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia moja ya kumsaidia mtoto huyo: kutumia picha nyeusi na nyeupe za mambo ya kila siku ili kumzoesha kutambua hali iliyomo katika mandhari, na kuieleza kwa maneno yake mwenyewe. Tutaeleza pia kosa tulilolifanya sisi wakufunzi tulipoanza kuitumia njia hii, kwa kuwa kosa hilo ndilo lililotufundisha zaidi.

Hali ya picha ni nini?

Katika kila picha kuna mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. La kwanza ni vitu vinavyoonekana: mashua, mchanga, mtu, mnazi. La pili ni hali, yaani hisia inayomwingia mtazamaji hata kabla hajaanza kuvitaja vitu hivyo. Picha mbili zaweza kuwa na vitu vile vile, moja ikaleta utulivu na nyingine ikaleta wasiwasi. Mwanafunzi anayeorodhesha vitu tu amefanya nusu ya kazi.

Jina la mji wetu ni mfano mzuri. Wenyeji husema kwamba Bagamoyo limetokana na maneno "bwaga moyo", lakini maneno hayo hufasiriwa kwa namna mbili. Wengine husema ni maneno ya wapagazi waliotoka bara na mizigo mabegani. Walipoiona bahari walijua kwamba safari imekwisha, wakautua moyo pamoja na mzigo. Wengine husema ni kilio cha watumwa waliofikishwa pwani wakajua kwamba kwao hawatarudi tena, wakauacha moyo wao hapa. Pwani ni ile ile na bahari ni ile ile, lakini hali ni mbili, kwa sababu walioitazama bahari hiyo hawakuwa wametoka katika maisha ya namna moja. Mwalimu aliweke jambo hili moyoni, kwani tutalirudia.

Kwa nini nyeusi na nyeupe?

Yawezekana mwanachuo akauliza: ikiwa leo simu ya mkononi hupiga picha za rangi bila gharama, kwa nini turudi nyuma? Sababu yetu ni ya darasani. Nendeni katika soko la samaki la Bagamoyo mpige picha ya rangi ya mchuuzi na ndoo yake nyekundu ya plastiki. Mwonyesheni mtoto picha hiyo. Kitu cha kwanza atakachokitaja ni ndoo. Iondoeni rangi, na ndoo itakuwa kijivu kama vitu vingine. Hapo jicho la mtoto litakwenda kwenye uso wa mchuuzi na kwenye mikono yake. Rangi ilipokuwapo ilimwita mtoto kwa sauti kubwa. Ilipoondoka, vitu vilivyokuwa vimenyamaza vikapata nafasi ya kusema.

Hatusemi kwamba rangi haina maana. Kanga ina rangi zake, na mtoto wa pwani anazijua. Katika picha isiyo na rangi kanga nyekundu na majani mabichi ya mnazi yaweza kutoka na kijivu kinachokaribiana, na hiyo ni hasara. Basi picha nyeusi na nyeupe ni zana ya kufundishia kama zana nyingine: hupunguza mambo machache kwa makusudi ili mwanafunzi ayaone mengine kwa wepesi.

Mambo manne yanayojenga hali

Mwalimu hawezi kufundisha hali kwa kusema tu "jisikieni". Hana budi kujua inajengwa na nini. Kwa darasa la msingi mambo manne yanatosha.

1. Mwanga na saa yake. Pwani yetu inatazama mashariki. Kwa hiyo asubuhi jua huchomoza baharini, na mtu anayesimama ufukweni akizitazama mashua huziona kama maumbo meusi mbele ya mwanga. Sura za watu hazionekani. Huonekana miili yao tu. Picha ya namna hiyo huleta hali ya ukimya, ya kungoja, au ya kitu kilicho mbali. Saa kumi alasiri jua limekwisha kwenda upande wa mji, nalo huziangaza mashua moja kwa moja: kila kiraka cha tanga huonekana, na hali huwa ya uwazi na ya kazi. Saa sita mchana kivuli huanguka chini ya miguu na mwanga huwa mkali. Hapo picha husema joto na uchovu. Wakati wa masika, mawingu yanapoifunika mbingu, vivuli hufifia na vitu vyote huelekea kijivu. Hali huwa ya upole au ya uzito.

2. Weusi na weupe. Katika picha nyingine weusi na weupe hukabiliana bila kijivu kingi katikati, kama mlango wa giza katika ukuta uliopakwa chokaa katika Mji Mkongwe. Picha hiyo huwa na nguvu, na mara nyingine hutia hofu, kwa sababu jicho halijui kuna nini gizani. Katika picha nyingine kijivu ndicho kinachotawala, kama mikoko asubuhi yenye ukungu. Hiyo hutuliza.

3. Umbali na nafasi tupu. Mpigeni picha mvuvi mmoja kwa karibu hata ajaze picha nzima, kisha mpigeni tena kwa mbali maji yakiwa yamekupwa na mchanga umetanda pande zote. Mtu ni yule yule. Katika picha ya kwanza tunakutana naye. Katika ya pili tunamwona alivyo mdogo mbele ya ufuko. Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili bila kamera: mwenzao asimame katikati ya uwanja wa shule, kisha asimame karibu na dirisha la darasa, nao waseme ni wapi alipoonekana mpweke.

4. Mistari. Mstari uliolala, kama upeo wa macho baharini, hutuliza. Mstari uliosimama, kama nguzo za makaburi ya kale ya Kaole, huleta heshima na uthabiti. Mstari ulioinama, kama mlingoti wa jahazi au mnazi uliosukumwa na upepo wa kusi kwa miaka mingi, huleta mwendo au wasiwasi.

Kosa letu

Sasa tueleze yaliyotupata. Tulikuwa tumewaandalia wanachuo wetu picha kumi na mbili za kutumia katika mazoezi ya kufundisha, na nyuma ya kila picha tuliandika kwa kalamu hali yake: "furaha", "hofu", "upweke". Tulidhani tunawasaidia. Picha ya tano ilikuwa ya mashua moja iliyolala ubavu mchangani maji yakiwa yamekupwa. Hapakuwa na mtu. Mbingu ilikuwa na mawingu. Nyuma yake tuliandika "huzuni".

Mwanachuo mmoja aliifundisha picha hiyo katika shule moja ya pwani hii, nasi tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa kumtathmini. Aliuliza, "Picha hii ina hali gani?" Wanafunzi wengi wakajibu, "Huzuni, mwalimu." Akawasifu. Mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, mimi naona raha."

Darasa likacheka. Mwanachuo akaigeuza picha, akasoma tulichokiandika, akamwambia, "Hapana, umekosea. Kaa chini." Mvulana akakaa. Hakunyosha mkono tena hadi kipindi kilipokwisha. Nasi, tuliokuwa na wajibu wa kuona, tuliandika katika fomu kwamba mwanachuo amelimudu darasa.

Wakati wa mapumziko tulimkuta mvulana yule chini ya mwembe. Alituamkia, nasi tukamwuliza kwa nini aliona raha. Alijibu bila kusita. Mashua ile, alisema, haikutupwa. Imelazwa ili ikalafatiwe. Chini yake kuna kopo na nyundo, na tanga limekunjwa vizuri. Kisha akasema, "Baba akiilaza mashua, siku hizo analala nyumbani."

Tuliitoa picha tukaitazama upya. Kopo lilikuwapo. Nyundo ilikuwapo. Tulikuwa tumeibeba picha ile kwa majuma kadhaa wala hatukuviona, kwa sababu tulikwisha kuamua kwamba mashua isiyo na watu ni huzuni. Kwa mtoto wa mvuvi mashua iliyoko ufukweni si huzuni. Linalomtia wasiwasi ni ufuko usio na mashua wakati kusi imevuma usiku kucha. Sisi tulikuwa tumefundisha hali ya mgeni anayepita, tukamwambia mwenyeji kwamba amekosea.

Kanuni tuliyoipata

Siku ile ile tulifuta maneno yote tuliyoyaandika nyuma ya picha, na mahali pake tukaandika kanuni moja: "Ukisema hali, onyesha mahali." Mwanafunzi yeyote anayetaja hisia hana budi kuja mbele na kuweka kidole juu ya picha, pale hisia hiyo inapotoka.

Kanuni hii ina faida mbili. Kwanza, inalinda jibu la mtoto anayeona tofauti na wenzake. Wale waliosema "huzuni" walionyesha mawingu na mchanga mtupu. Yule aliyesema "raha" alionyesha kopo, nyundo na tanga. Majibu yote mawili yana mahali pake katika picha, kama maana mbili za jina la mji wetu. Pili, kanuni inazuia ovyo. Isieleweke kwamba kila jibu ni sahihi. Mwanafunzi aliyesema kwamba mashua ile inatisha kwa sababu imebeba majini alipotakiwa kuonyesha mahali hakuweza, naye mwenyewe akacheka. Jibu lake tulilikataa bila kumwaibisha.

Mwanachuo wetu alirudi darasani kesho yake. Aliitundika picha ile ile, akawaambia wanafunzi kwamba jana hakutazama vizuri, kisha akamwita mvulana yule aje aonyeshe. Twaamini kwamba dakika zile tano zilimfaa kuliko mafunzo mengi tuliyompa chuoni. Mwalimu anayekiri mbele ya wanafunzi kwamba hakutazama vizuri hapotezi heshima; anawaonyesha kwamba kutazama ni kazi.

Mfano wa andalio la somo

Darasa: la tano. Muda: vipindi viwili vya dakika 40. Zana: picha mbili kubwa nyeusi na nyeupe za mandhari wanayoyajua wanafunzi, fremu za boksi.

Hatua ya kwanza (dakika 5). Mwalimu atundike picha ya kwanza bila kusema neno. Wanafunzi waitazame kimya kwa dakika mbili nzima. Mwanachuo asiogope ukimya huo.

Hatua ya pili (dakika 10). Wanafunzi wataje vitu wanavyoviona tu, bila hisia. Mwalimu aviandike ubaoni upande wa kushoto. Vitu vidogo visipuuzwe.

Hatua ya tatu (dakika 15). Mwalimu aulize: "Mnapoitazama, mnasikia nini moyoni?" Kila anayejibu aonyeshe mahali. Hisia ziandikwe upande wa kulia, na mstari uchorwe kuunganisha kila hisia na kitu chake. Hapa ndipo msamiati unapokua: mtoto aliyeanza na "huzuni" tu ataongozwa hadi kwenye upweke, majonzi, uchovu, shauku, utulivu.

Hatua ya nne (dakika 10). Mwalimu atundike picha ya pili ya mahali pale pale, iliyopigwa saa nyingine. Wanafunzi waseme ni nini kilichobadilika.

Hatua ya tano (kipindi cha pili). Wanafunzi waandike aya moja ya sentensi sita hadi nane. Sharti ni kwamba wasilitaje neno la hisia lenyewe. Asiandike "palikuwa na huzuni". Aeleze kivuli, umbali na vitu hata msomaji aipate huzuni mwenyewe.

Katika kusahihisha, mwalimu atafute kwanza kitu kimoja ambacho mwanafunzi amekiona kwa macho yake, akipigie mstari na kukisifu. Ndipo asahihishe sarufi.

Pasipo na kamera

Shule nyingi hazina kamera wala mashine ya kuchapia. Hilo lisiwe kizuizi. Mwalimu mwenye simu anaweza kupiga picha, kuiondoa rangi katika simu yenyewe, na kuichapisha mjini. Picha iliyodurufiwa kwa mashine ya fotokopi huwa rahisi zaidi kwa bei, lakini mashine hiyo huumeza ukijivu na kuacha weusi na weupe. Basi chagueni picha zenye vivuli vilivyo wazi. Picha ya ukungu haitafaa.

Pasipokuwa na picha kabisa, kateni dirisha dogo katika kipande cha boksi. Mwanafunzi alishike mbele ya jicho, alisogeze mbele na nyuma, achague nini kiingie na nini kiachwe. Kisha afumbe macho nusu, atazame kupitia kope. Rangi zitafifia, na atabaki na mwanga na giza. Hiyo ndiyo picha nyeusi na nyeupe isiyogharimu kitu.

Heshima kwa anayepigwa picha

Jambo la mwisho ni la adabu. Pwani hii ilianza kupigwa picha zamani. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, nazo zimehifadhiwa Ujerumani hadi leo. Picha nyingi za ukoloni huonyesha watu wa hapa bila majina yao, kama mifano ya kabila au ya kazi. Kwa upande mwingine, mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja, na katika studio ya namna hiyo mtu alikwenda kwa hiari yake, akavaa alivyotaka na kukaa alivyotaka. Picha zote hizo ni nyeusi na nyeupe, lakini hali zake si moja. Wafundisheni wanafunzi kuuliza kila mara: "Nani alikuwa nyuma ya kamera, na aliyepigwa aliulizwa?"

Nasi tuanze. Kabla ya kumpiga picha mchuuzi au mvuvi, mwanachuo amwamkie, ajitambulishe, aeleze kazi ya picha na aombe ruhusa. Akikataliwa, ashukuru aende zake. Akikubaliwa, ampelekee nakala. Mama aliyeketi juu ya ndoo si zana ya kufundishia. Ni mzazi, na huenda mwanawe yumo katika darasa lenu.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba hali ya picha hujengwa na mwanga, weusi na weupe, nafasi na mistari; kwamba picha isiyo na rangi husaidia mambo hayo kuonekana; na kwamba kazi ya mwalimu ni kumtaka mwanafunzi aonyeshe mahali hisia inapotoka, wala si kumpa hisia iliyoandikwa tayari. Mtoto akizoea hivyo hatakosa la kuandika kuhusu mji wake. Mwalimu naye atajua jambo ambalo sisi tulilijua kwa kuchelewa: kwamba katika kila darasa yupo anayeijua mashua ile kuliko yeye.

Maswali ya kujadili

1. Tazameni mahali pamoja ufukweni asubuhi na alasiri. Andikeni tofauti tano za mwanga na hali inayoletwa na kila moja.

2. Mwanafunzi anaona furaha katika picha ambayo darasa zima limeona huzuni. Mtamwuliza maswali gani matatu kabla ya kusema lolote?

3. Tayarisheni andalio la somo la kipindi kimoja kwa kutumia fremu ya boksi peke yake, katika shule iliyo mbali na bahari.